Mduara na Mstari: Mwendo kama Hoja katika Ngoma za Abagusii na Tamthilia ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umekomaa katika mambo mengi. Dhamira zimechambuliwa, wahusika wameainishwa, lugha imepimwa kwa tamathali zake, na mazingira ya kihistoria ya kila mtunzi yamefafanuliwa. Hata hivyo, jambo moja limebaki ndani ya mabano lilimochapishwa, nalo ni mwendo wa mwili. Mtunzi anapoeleza kwamba mhusika anatambaa, anasita, anazunguka au anasimama kimya, wahakiki wengi huyachukulia maelezo hayo kuwa msaada kwa mwongozaji tu, kana kwamba maana ya tamthilia imekwisha kukamilika katika mazungumzo na kilichobaki ni kuipamba.

Mtazamo huu hauna mizizi ya kale. Katika sura ya kwanza kabisa ya Poetiki yake, Aristotle aliwataja wachezaji ngoma kuwa watu wanaoiga tabia, hisia na matendo kwa mapigo ya mwendo peke yake, bila ya neno wala sauti ya muziki. Huku kwetu, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipotoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, walisisitiza kwamba sanaa za maonyesho za Kiafrika haziwezi kufungiwa ndani ya tamthilia iliyoandikwa, kwa kuwa ngoma na miviga ya jando, ndoa na mazishi nayo ni maonyesho kamili. Wasomaji waliikubali kauli hiyo, lakini hawakuifuatilia ipasavyo. Ngoma iliingizwa katika orodha ya tanzu, ila mbinu za kuisoma hazikuundwa.

Makala haya yanachunguza namna mwendo na mpangilio wa wachezaji unavyojenga maana jukwaani. Mfano wa msingi umechukuliwa kutoka nchi ya Abagusii, hasa Tabaka, eneo la Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, ambako sanaa ya kuchonga jiwe inampa mhakiki njia isiyo ya kawaida ya kuanzia. Kisha tamthilia tatu za Afrika Mashariki zinapimwa kwa kipimo hicho hicho. Hoja inayotetewa ni kwamba mwendo hauzirudii kazi za maneno. Mwendo una hoja yake, na mara nyingine hoja hiyo inapingana na maneno yanayosemwa. Hoja hii ina uzito wa pekee katika nchi ya Abagusii, ambako baadhi ya ngoma zilizorithiwa zilifungamana na desturi ambayo sheria imeikataza.

Jiwe na Mchezaji

Tabaka inajulikana kwa jiwe laini la Kisii, ambalo watu wengine huliita jiwe la sabuni. Jiwe hilo huchimbwa kwa mikono katika machimbo ya wazi. Kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga kwa shoka, panga, patasi na kisu, na wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'are. Kutokana na kazi hiyo Tabaka imetoa wachongaji waliofika mbali. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ndiye aliyechonga sanamu ya Ndege wa Amani iliyowekwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Miongoni mwa sanamu ndogo zinazouzwa kwa wingi kutoka Tabaka, ipo moja ambayo karibu kila mgeni ameiona: watu kadhaa wasio na sura, wameshikana mabegani au mikononi, wamefanya mduara, na wote wamechongwa katika pande moja la jiwe. Wauzaji huiita familia, urafiki au umoja, kutegemea mnunuzi. Mhakiki wa sanaa za maonyesho anaweza kuiangalia kwa jicho jingine na kujiuliza ni kitu gani kinachofanya mawe haya yaonekane yanacheza.

Swali hilo lina historia ndefu. Lessing, katika Laokoon ya mwaka 1766, alieleza kwamba mchongaji ana nafasi ya kuonyesha nukta moja tu ya tendo, na kwa hiyo humlazimu kuichagua nukta ile inayobeba iliyotangulia na itakayofuata. Mchongaji wa Tabaka anayechonga mchezaji hukumbana na sharti hilo kila siku. Akimchonga mtu aliyesimama wima, miguu yote miwili ikibeba uzito sawa, amepata mtu aliyesimama. Akiuhamishia uzito mguu mmoja, akakipinda kiuno kidogo na kuliinua bega la upande wa pili, jiwe lile lile linaanza kuahidi hatua inayofuata. Hivyo mwendo umo ndani ya mkao kama vile mmea ulivyo ndani ya mbegu.

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba uzito ni chombo cha maana. Mtazamaji husoma mahali uzito wa mwili ulipo kabla hajasoma uso au kusikia neno. La pili ni kwamba mpangilio wa miili unasema jambo ambalo mwili mmoja hauwezi kulisema. Mduara wa jiwe hauna mbele wala nyuma, wala hauna mtu wa kwanza au wa mwisho. Anayeutazama kutoka nje huona migongo, na nyuso zimeelekezwa ndani. Umoja ambao wauzaji wanautaja haukuchongwa katika uso wa mtu yeyote, maana nyuso hazipo. Umechongwa katika umbo la kundi.

Kitu ambacho jiwe halina ni wakati. Ngoma inao. Rudolf Laban, aliyechapisha mfumo wake wa kuandika miendo mwaka 1928, aliyachambua matendo ya mwili kwa kuangalia nafasi, wakati, uzito na mtiririko. Istilahi hizi si lazima zichukuliwe zote kama zilivyo, lakini zinamsaidia mhakiki kuacha kusema kwamba wachezaji walicheza vizuri na kuanza kueleza walichokifanya. Je, walitumia nafasi ipi, kwa kasi gani, uzito wao ukielekea juu au ardhini, na mwendo wao ulikatika wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo data ya uhakiki.

Maana Uwanjani

Katika maisha ya jadi ya Abagusii, mwendo ulikuwa sehemu ya sheria za jamii. Mfano ulio wazi ni jando la wavulana. Kijana alitakiwa kusimama bila kutikisika wakati wa kutahiriwa, na baadaye wavulana waliomtangulia walimsindikiza kuelekea nyumbani wakiimba esimbore, wimbo ambao lugha yake huvunja makusudi mipaka ya adabu ya kila siku. Ukiangaliwa kama onyesho, mviga huu umejengwa kwa ukinzani mmoja. Kwanza upo utulivu kamili wa mwili mmoja, kisha upo mwendo wa kundi zima. Utulivu ule si ukosefu wa mwendo. Ni mwendo uliozuiwa mbele ya mashahidi, na maana yake yote inatokana na kwamba kila aliyepo anajua mwili ulivyotamani kufanya. Shangwe inayofuata inapata nguvu kutokana na kizuizi hicho. Mpangaji wa ngoma anayeuondoa utulivu ili shangwe ianze mapema amebaki na kelele.

Mfano wa pili ni enyangi, sherehe ya ndoa ambamo mke alivishwa ebitinge, pete za chuma za vifundo vya miguu. Ebitinge zilikuwa alama ya ndoa iliyokamilika, na wanaanthropolojia wamezieleza hivyo. Lakini chuma kifundoni ni zaidi ya alama ya kutazamwa. Kina uzito na kina mlio. Anayekivaa hupiga hatua kwa namna nyingine, na hatua yake husikika kabla hajaonekana. Kwa maneno mengine, hali ya kuwa mke ilikuwa imewekwa ndani ya mwendo wenyewe. Maonyesho ya siku hizi mara nyingi huziwakilisha pete hizo kwa kitu chepesi chenye rangi ya chuma. Macho huridhika, lakini mguu unajua kwamba haukubeba kitu.

Mfano wa tatu ni ribina, ngoma ya wanawake inayohusishwa na mavuno na mvua. Swali la nani anaruhusiwa kucheza ni sehemu ya maana yake. Ngoma iliyochezwa na wanawake walioolewa, katika msimu wake, ardhini palepale panapolimwa, haihitaji kueleza kwamba inahusu rutuba, kwa kuwa mazingira, miili na msimu vimekwisha kusema. Pembeni ya ngoma nyingi za Abagusii husikika obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane na sauti nzito ya chini. Mpigaji wake huketi. Kuketi huko nako kunasomeka. Mwili mmoja umetulia na kutoa sauti, na miili mingine inaipokea sauti hiyo na kuigeuza hatua.

Kutokana na mifano hii inaonekana kwamba maana uwanjani hutegemea vitu vinne vinavyofanya kazi pamoja: umbo la kundi, uzito wa hatua, mpaka kati ya utulivu na mwendo, na haki ya kucheza. Ngoma inapohamishiwa jukwaani, vyote vinne huguswa.

Kutoka Mduara hadi Mstari

Uhamisho huo ulifanyika nchini Kenya kupitia taasisi zinazojulikana. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na la drama ya shule mwaka 1959. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 kwa lengo la kuhifadhi na kuonyesha ngoma za makabila ya nchi. Kwa vizazi kadhaa, Mkenya aliyesoma amekutana na ngoma ya Abagusii katika mojawapo ya mahali hapo pengine kabla hajakutana nayo kijijini, ikiwa alikutana nayo kijijini hata kidogo.

Badiliko la kwanza jukwaani ni la nafasi. Jukwaa la ukumbi wa shule lina mbele moja. Mduara ukipandishwa hapo, nusu ya wachezaji huwapa hadhira mgongo, na mwalimu anayeogopa kupoteza alama huukata mduara na kuunyoosha kuwa mstari au nusu mduara. Uamuzi huo unaonekana kuwa wa kiufundi tu, kumbe umebadilisha mpokeaji wa ngoma. Katika mduara wachezaji wanachezeana. Katika mstari wanamchezea mtu wa tatu anayewapima. Nyuso zilizokuwa zimegeukia ndani sasa zimegeukia meza ya waamuzi, na tabasamu ambalo halikuwa na kazi katika mduara linakuwa la lazima.

Badiliko la pili ni la wakati. Ngoma iliyodumu usiku kucha hulazimika kumalizika katika dakika chache. Marudio ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa mbele ya saa ya mwamuzi marudio huonekana kuwa kasoro. Lakini katika ngoma nyingi za Kiafrika hatua hurudiwa mpaka mwili uache kuifikiria, na hapo ndipo mchezaji mmoja anapoivunja na kuleta yake. Bila marudio hakuna kinachovunjwa. Matokeo yake ni mfululizo wa mitindo mipya kila nusu dakika, ambao unasisimua lakini hausemi jambo lolote kwa ukamilifu.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mduara ni wa Kiafrika na wa kweli, na mstari ni wa kigeni na wa uongo. Historia ya pwani yenyewe inakanusha wazo hilo. Ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890 na kuenea mpaka bara. Beni ilichukua gwaride la kijeshi, pamoja na mistari yake, vyeo vyake na sare zake, na kuligeuza kuwa ngoma ya mashindano ya mitaa. Mstari ulikuwa umbo la mtawala. Wachezaji waliupenda, waliukejeli na kuutumia kujipatia heshima, yote kwa pamoja. Beni inathibitisha kwamba umbo la kundi halina maana moja ya kudumu. Maana inatokana na uhusiano kati ya umbo, wanaolicheza, na kumbukumbu ya wanaotazama.

Kwa hiyo lawama hailiangukii jukwaa wala mashindano. Lawama inaangukia uhamisho usiofikiriwa. Mpangaji anayenyoosha mduara kwa sababu anajua maana ya kuunyoosha ametoa hoja. Anayeunyoosha ili waamuzi wauone vizuri amepoteza hoja aliyokuwa nayo.

Mwili katika Tamthilia

Kipimo hicho kikihamishiwa katika tamthilia, maandishi yanayodhaniwa kuwa yamekwisha kusomwa yanaanza kuonyesha upande mwingine. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969. Masimulizi ya Vita vya Maji Maji yanasema kwamba Kinjeketile alivutwa na pepo mpaka mtoni, jamaa zake wakashindwa kumzuia, na alipotoka maji hayakuwa yamemlowesha. Hussein analileta tukio hilo jukwaani, na baadaye anamwonyesha Kinjeketile akitambua kwamba neno alilolitoa limekua na kumzidi nguvu yeye mwenyewe. Wahakiki wamejadili kwa muda mrefu kama mtunzi anamchora nabii, mwanasiasa au msanii aliyezidiwa na kazi yake. Kitabuni swali hilo linaweza kubaki wazi. Jukwaani haliwezi kubaki wazi kwa namna ile ile, kwa sababu mwigizaji lazima avutwe kuelekea mtoni kwa mwili wake.

Kama uzito wa mwigizaji unatangulia mbele na miguu yake inakataa, hadhira inaona nguvu iliyo nje yake. Kama miguu ndiyo inayoongoza na kifua kinafuata, hadhira inaona mtu aliyeamua. Na kama mwendo unaanza kwa kukataa na kuishia kwa kukubali, hadhira inaona jambo la tatu: mtu anayejifunza kuiamini nguvu aliyoianzisha mwenyewe. Miendo hii mitatu ni tafsiri tatu za tamthilia moja, na hakuna hata neno moja la mazungumzo lililobadilika. Mhakiki asiyesema lolote kuhusu mwendo huo ameliacha swali kuu la Kinjeketile mikononi mwa mwongozaji, bila ya kujua kwamba ameliacha.

Mfano wa pili ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kusimamisha nguzo na wanashindwa, kila mmoja akivutwa na shida na maslahi yake. Istiara ya nguzo imefafanuliwa mara nyingi kama ukombozi wa mwanamke na matatizo ya umoja wake. Ambacho hakijasisitizwa ni kwamba istiara hiyo imewekwa katika tendo la kunyanyua. Kunyanyua kitu kizito kwa pamoja kuna kanuni zake. Lazima pumzi zilingane, migongo ipinde kwa wakati mmoja, na mtu mmoja atoe sauti ya kuanzia. Wachimbaji wa Tabaka wanaoviringisha pande la jiwe kutoka shimoni wanazijua kanuni hizo bila kuzisomea. Waigizaji wanaobeba nguzo ya karatasi ngumu bila uzito wowote migongoni mwao wanaifanya istiara iwe uongo, kwa kuwa hadhira haiamini kwamba kuna kilichoshindikana. Kwa upande mwingine, uzito ukionekana, basi nukta ambapo mwanamke mmoja anauachia mkono wake inaeleza usaliti, uchovu au kukata tamaa kabla hajafungua kinywa.

Mfano wa tatu ni Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyochezwa katika uwanja wa wazi wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba nyimbo na ngoma hazikuwa pambo katika onyesho hilo, na kwamba wanakijiji walishiriki kurekebisha namna mambo yalivyoonyeshwa. Jambo hili lina umuhimu wa kinadharia. Wakulima na vibarua waliwasahihisha wasomi katika kitu ambacho wasomi hawakukiandika, yaani namna mwili unavyotenda katika sherehe. Mamlaka ya kuhakiki ilihama kutoka kwa mwenye kitabu kwenda kwa mwenye kumbukumbu ya mwendo. Mwezi Novemba mwaka huo leseni ya onyesho iliondolewa, na mwanzoni mwa mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Serikali haikukiona kitabu peke yake kuwa hatari. Iliwaona watu waliokusanyika, wakafanya mazoezi, wakajifunza kutembea pamoja.

Ngoma na Desturi Iliyokatazwa

Mjadala huu ungekuwa wa darasani tu kama si suala moja linalowakabili wapangaji wa ngoma katika nchi ya Abagusii. Miongoni mwa miviga iliyobeba nyimbo na ngoma nyingi za wanawake, ulikuwapo wa tohara ya wasichana. Wanawake waliandamana, waliimba, walicheza, na msichana akatengwa kwa muda kabla ya kurudishwa kwa shangwe. Sheria ya Kukataza Ukeketaji ilipitishwa nchini Kenya mwaka 2011. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake wa Abagusii waliohojiwa walikuwa wamekeketwa.

Hapo ndipo swali la mwendo linapokuwa swali la maadili. Je, ngoma hizo zichezwe jukwaani? Wapo wanaosema zifutwe, kwa kuwa uzuri wa ngoma unautangaza mviga. Wasiwasi huo una msingi. Makala haya yamedai kwamba mwendo ni hoja, na mwenye kudai hivyo hawezi kugeuka na kusema kwamba ngoma ya jando la wasichana ni burudani isiyo na madhara. Wapo pia wanaosema zichezwe kama zilivyokuwa, kwa jina la kuhifadhi utamaduni. Hawa wanasahau kwamba jukwaani hakuna kilivyokuwa. Mduara umenyooshwa, marudio yamekatwa na wachezaji ni wanafunzi. Kilichobaki ni shangwe peke yake, na shangwe iliyotenganishwa na kisu ni sifa kwa kisu.

Mambo mawili yaliyotokea nje ya jukwaa yanatoa mwanga. La kwanza lilielezwa katika utafiti wa Population Council uliotolewa mwaka 2004 kuhusu Abagusii: ukeketaji ulikuwa umehamia kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wahudumu wa afya. Kadiri tendo lilivyofichwa, ndivyo sherehe za hadharani zilivyofifia. Ngoma ilipungua, kisu kikabaki. La pili ni mviga mbadala unaojulikana kama tohara ya maneno, ulioanzishwa Tharaka mwaka 1996 kwa ushirikiano wa Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH, na ambao umejaribiwa pia Kisii. Humo wasichana hutengwa kwa mafunzo, kisha hujitokeza hadharani kwa nyimbo, ngoma na maigizo, wala hakuna anayekatwa. Kisu kimeondoka, ngoma imebaki.

Matukio haya mawili, yakiwekwa pamoja, yanaonyesha jambo ambalo nadharia peke yake isingelithibitisha. Ngoma na tendo si kitu kimoja. Vinaweza kutenganishwa, na vimekwisha kutenganishwa pande zote mbili. Kwa hiyo kuifuta ngoma hakuhakikishi kwamba tendo litakoma, na kuibakiza hakulazimishi kwamba litaendelea. Kinachoamua ni muundo mpya ambamo mwendo wa zamani umewekwa.

Njia ya tatu, basi, ni kuugeuza mwendo. Ichukuliwe kwamba mpangaji wa ngoma anahifadhi maandamano ya wanawake na hatua zao nzito, anawafikisha katikati ya jukwaa, na mahali ambapo mviga ungefikia kisu anausimamisha mwendo wote. Obokano inanyamaza. Utulivu ambao desturi iliutaka kwa mwili wa kijana mmoja sasa unaushika mwili wa kundi zima, na hadhira inalazimika kukaa nao. Kisha msichana ndiye anayepiga hatua ya kwanza, na mduara unafunguka badala ya kufungwa. Hakuna hotuba iliyotolewa, lakini hoja imekamilika: waliokuwa mashahidi wamegeuka kuwa washtakiwa, na aliyekuwa akitendwa amekuwa mtenda. Hadhira inayojua ngoma ya awali itaelewa kwa ukali zaidi kuliko mgeni, na hiyo ndiyo ishara kwamba hoja imetolewa kwa lugha ya wenyewe.

Njia hii ina hatari yake. Hadhira ya kizazi kisichoijua ngoma ya awali haitaona kilichogeuzwa. Itaona tu wachezaji waliosimama ghafla. Ugeuzaji unahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ya mwendo hupotea haraka kuliko ya maneno, kwa sababu wimbo ukiandikwa hubaki japo nusu, ila hatua isiyochezwa haibakii popote. Ndiyo maana kazi ya kurekodi na kueleza miendo haiwezi kuachiwa waandaaji wa matamasha peke yao.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwendo jukwaani unajenga maana kwa umbo la kundi, uzito wa hatua, mpaka wa utulivu na mwendo, na haki ya kucheza. Jiwe la Tabaka limesaidia kuonyesha mambo mawili ya kwanza katika hali yake ya msingi. Ngoma za Abagusii zimeonyesha yote manne yakitenda kazi pamoja. Nazo tamthilia za Hussein, Muhando na kundi la Kamiriithu zimethibitisha kwamba hata maandishi yanayosomwa kila mwaka vyuoni yana maamuzi ya kimaana ambayo hayamo katika mazungumzo.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na hoja hii. Kwanza, uhakiki wa Kiswahili unahitaji tabia ya kueleza kabla ya kutathmini. Tasnifu inayohusu tamthilia haina budi kuwa na angalau sura moja inayolifuata onyesho moja halisi kutoka kuingia hadi kutoka kwa wachezaji, hatua kwa hatua, kwa maneno ya Kiswahili yaliyopo tayari: mkao, hatua, kasi, uzito, mduara, mstari, kusita, kutulia. Pili, wapangaji wa ngoma wanaofanya kazi na urithi wenye utata, kama ule wa miviga ya wasichana, wanastahili kuhakikiwa kama watunzi. Wasiishie kupewa alama za usafi wa mistari na uzuri wa maleba. Waulizwe, kama anavyoulizwa mwandishi wa tamthilia, ni jambo gani walilosema, walilisema kwa nani, na kwa nini waliuchagua mwendo ule kuwa ndio wa kulisema.